Karamu ya Mtoto na Watoto wa Jirani

Baba mmoja wa Mwanza, Mkristo mwema ambaye twamfahamu tangu siku nyingi, alitujia hivi karibuni akiwa na swali ambalo mwanzoni tuliliona dogo. Alitaka kujua kama alikosa. Hakuwa amegombana na mtu, wala hakuwa amemdhulumu mtu. Alikuwa amemfanyia binti yake karamu ya siku ya kuzaliwa. Tulicheka kidogo, tukampa kiti. Alipomaliza kusimulia hatukucheka tena; na kwa kuwa twaamini ya kwamba wazazi wengi Wakatoliki katika nchi hii wamekwisha kufanya kama alivyofanya yeye, au watafanya, tulimwomba ruhusa ya kuliandika jambo hili bila kulitaja jina lake.

Nyumba yake iko mlimani upande wa Kirumba, mahali ambapo nyumba zimejengwa katikati ya mawe makubwa, hii juu, ile chini, wala hapana ukuta unaoweza kuyazuia macho ya watu. Ukisimama uani pake waliona Ziwa lote mbele yako, na waliokaa juu yako wakuona wewe. Binti huyo alitimiza miaka saba Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, ambapo mvua hazipo na upepo wa Ziwa ni mzuri. Baba akakodi turubai na viti vya plastiki. Maputo yakafungwa kwenye mwembe. Keki ya ghorofa mbili ikawekwa mezani, vipaza sauti vikafungwa, akaletwa na mshereheshaji, kama kwenye arusi. Watoto 25 walikuwa wamepewa kadi za mwaliko, wengi wao wa darasa la binti yake na wa wafanyakazi wenzake.

Muziki ulipoanza, watoto wa mtaa wakatoka kila upande. Wakapanda juu ya mawe yaliyo nyuma ya ua, wakakaa wamejipanga kama mwewe wa Mwaloni wanaongojea samaki. Hawakuomba kitu. Walitazama tu, na wimbo walioujua waliuimba pamoja na wageni. Mshereheshaji hakupendezwa, kwa maana picha zilikuwa zikipigwa. Akatumwa kijana na fimbo kuwaondoa. Wakakimbia, wakarudi. Wakafukuzwa mara tatu. Miongoni mwao alikuwamo msichana ambaye kila siku huteka maji pamoja na yule binti wa karamu na kucheza naye mpaka jua likizama.

Twataka kusema kweli, wala tusimpambe mtoto kwa wema asio nao. Binti huyo alimwona rafiki yake akikimbizwa, lakini hakulia wala hakumwita. Alikata keki, akalishwa, akawalisha wenzake, akapokea zawadi, akamwagiwa maji kama ilivyo desturi ya siku hizi, akalala amefurahi. Yule rafiki hakuja kucheza kwa siku tisa. Mama yake alikutana na mama wa binti bombani, akamwamkia "Mwangaluka" kwa heshima yote, akamwuliza habari za watoto, akajitwika ndoo yake. Habari ya karamu haikutajwa. Na hilo ndilo, asema baba huyo, lililomkosesha usingizi: kwamba hakulaumiwa.

Kisha akajitetea, na utetezi wake una nguvu. Fedha ni zake, amezipata kwa jasho. Hakumnyang'anya mtu. Hawezi kuulisha mtaa mzima. Je, amnyime mwanawe furaha kwa sababu jirani hana? Na akishamnyima, jirani atakuwa amepata nini?

Wapo wazee watakaomjibu upesi kwamba kosa lilianza na karamu yenyewe. Watasema kwamba sikukuu ya kuzaliwa ni jambo la kigeni. Kwamba katika Maandiko Matakatifu wanaotajwa wazi kuwa walifanya karamu siku ya kuzaliwa kwao ni Farao na Herode, na kila moja ya karamu hizo ilileta kifo: Farao alimtundika mkuu wa waokaji, na Herode alimkata kichwa Yohane Mbatizaji. Hoja hii si ya wazee wetu tu. Origene, mwalimu mkuu wa Aleksandria katika karne ya tatu, alikwisha kuitoa kwa Wakristo wa siku zake. Kanisa nalo kwa desturi yake ya kale huadhimisha kwa sherehe kuzaliwa kwa watatu tu: Bwana wetu tarehe 25 Desemba, Bikira Maria tarehe 8 Septemba, na huyohuyo Yohane tarehe 24 Juni. Watakatifu wengine twawakumbuka, kwa kawaida, siku waliyokufa, ndiyo siku waliyozaliwa mbinguni.

Tuliokaa kando ya Ziwa hili twalijua jambo hilo kuliko wengi. Mapadre Weupe walipoondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882, walivuka maji wakaja upande wetu wa kusini, wakawaacha nyuma wakristo wachache. Na waliporudi mwaka 1885 walikuta imani imeongezeka. Mmoja wa vijana wa jumba la mfalme, Kizito, alibatizwa na Karoli Lwanga mwishoni mwa Mei 1886, akachomwa moto pamoja naye tarehe 3 Juni. Alikuwa na umri wa miaka kama 14. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alimtangaza kuwa mtakatifu, yeye na wenzake 21, tarehe 18 Oktoba 1964. Kila tarehe 3 Juni watu wengi mno hukusanyika Namugongo kwa ajili yao. Hakuna anayeuliza Kizito alizaliwa tarehe gani.

Ndiyo sababu zamani katika parokia zetu mtoto alikuwa na siku ya somo wake. Aliyeitwa Yosefu alifurahi tarehe 19 Machi, aliyeitwa Anna tarehe 26 Julai. Alikwenda Misa, akarudi nyumbani akapikiwa kitoweo kizuri kuliko siku nyingine. Desturi hiyo imefifia, nasi twaisikitikia. Ilikuwa na jambo moja zuri ambalo keki haina: mtoto hakuwa peke yake katika sikukuu yake. Yosefu wote wa mtaa walisherehekea siku moja, tajiri na maskini, na aliyepewa heshima ya kwanza hakuwa mmoja wao, bali yule aliyewapa jina.

Hata hivyo hatukubali kwamba baba yule alikosa kwa kufurahia siku ya mwanawe. Origene alikuwa mtu mwenye akili nyingi, lakini katika jambo hili alimhesabu Farao akamsahau Ayubu. Wana wa Ayubu walifanya karamu nyumbani mwao, kila mtu kwa siku yake, wakawaalika na dada zao. Baba yao hakuwakataza, bali kila karamu zilipokwisha aliamka asubuhi na mapema akatoa sadaka kwa ajili yao, asije mmoja wao akawa amekosa moyoni. Sisi twapenda kuwaza kwamba hofu ya yule baba wa Kirumba ni jamaa ya hofu ya Ayubu.

Wala si kweli kwamba wazee wetu hawakuijali siku ya kuzaliwa. Hawakuwa na tarehe, lakini walikuwa na jina. Katika Usukuma aliyezaliwa mvua ikinyesha aliitwa Mabula, aliyezaliwa usiku akaitwa Bujiku. Mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Mtoto alichukua siku yake kila alikokwenda, na kila aliyemwita aliitaja. Na kule Ukerewe, ng'ambo ya maji, katekista Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945, ikachapwa kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Habari kubwa ya kitabu hicho ni mume na mke waliokosa mtoto, na taabu waliyoipata kwa dharau ya watu mpaka walipompata. Asiyeona kwa nini mzazi hufurahi, na akisome.

Kuna na sababu nyingine ambayo mabibi zetu waijua bila kuisoma popote. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2004 na 2005, ilionekana kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 hesabu hiyo ilikuwa imeshuka mpaka 43. Ni neema kubwa, iliyotokana na chandarua, chanjo, dawa za malaria na kazi ya wauguzi wengi wasiotajwa. Lakini hao 43 bado ni watoto wa watu. Mtoto aliyefika mwaka wa saba amevuka mto wenye mamba. Mzazi akitaka kupiga ngoma, na apige.

Basi kosa halikuwa katika kufurahi. Je, lilikuwa katika mali? Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba vitu ambavyo wengine wanavyo kupita haja zao, kwa sheria ya maumbile vyapaswa kuwasaidia maskini. Mafundisho hayo ni mazito, na tajiri akiyasikia vizuri hulala vibaya. Lakini hatuoni kwamba yatosha kulijibu swali hili. Watoto wale juu ya mawe hawakuwa wakifa kwa njaa. Walikula mchana ugali na dagaa, na jioni walikula tena. Katika nyumba nyingine, mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishaondolewa. Kipande cha keki kisingeuponya umaskini wao. Kama swali lingekuwa la tumbo tu, baba yule angeweza kupeleka kesho yake debe la unga kwa Jumuiya Ndogo Ndogo, na deni likawa limelipwa. Lakini yeye mwenyewe ahisi kwamba unga usingelilipa.

Hapa ndipo yatupasa kutazama neno ambalo watu wote husahau: karamu ilifanywa nje.

Mtu akila ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa, nani atamlaumu? Anaweza kula kuku siku ambayo jirani ala mboga za majani. Jirani hajui, na hata akijua kwa harufu, hakasiriki. Kila nyumba ina siri yake, na siri hiyo ni haki. Lakini katika nchi yetu anayekula nje yuko chini ya sheria nyingine, ambayo haikuandikwa na mtu. Mpita njia akitokea, hana budi kusema, "Karibu." Hata kama ni kiazi kimoja, husema, "Karibu." Naye mpita njia, mara nyingi, hujibu, "Asante, starehe," akaenda zake. Hakula kitu, wala hakupungukiwa. Wasukuma wa zamani walikula uani, wanaume na vijana kando ya moto wao uitwao shikome, na aliyefika wakati wa chakula alinawa mikono. Wageni wa kutoka mbali huliona neno hili "karibu" kuwa adabu tupu, kwa kuwa wengi hawakubali mwaliko wenyewe. Sivyo. Neno hilo hulipa deni halisi. Aliyeniona nikila amekwisha kuingia katika chakula changu kwa macho. Nikimwambia karibu, nimekiri kwamba naye ni mtu. Nikinyamaza, nimemfanya kuwa kama mti.

Na karamu ya siku hizi haikai nje kwa bahati mbaya tu, kwa kuwa ndani ni padogo. Hutafuta macho. Muziki hufunguliwa ili usikike mpaka bondeni. Maputo hufungwa juu ili yaonekane. Picha hupigwa ili hata wasiokuwapo waone. Mwenye karamu ameyaalika macho na masikio ya mtaa wote. Kisha macho yakiitika, yakaja na miili yake, hutumwa kijana na fimbo. Huo ndio ubaya wenyewe, kwa kadiri tuwezavyo kuutambua: kumwalika mtu kwa macho yake na kumfukuza kwa kinywa chake. Watoto wale hawakuvamia karamu ya mtu. Waliitwa kwa vipaza sauti.

Mtume Paulo alikutana na jambo kama hili huko Korinto. Wakristo walikusanyika kwa karamu ya Bwana, lakini kila mtu alitangulia kula chakula chake, hata huyu akawa na njaa na huyu amelewa. Angaliene, msomaji, jinsi Mtume alivyowakaripia. Hakusema kwamba ni marufuku kuwa na chakula kizuri. Aliwauliza kama hawana nyumba za kulia na kunywa, au kama walitaka kuwatahayarisha wasio na kitu. Kwa Mtume, basi, yako mambo mawili: chakula cha nyumbani, ambacho ni cha mtu na jamaa zake, na chakula cha mbele ya watu, ambacho kikiliwa vibaya huwaaibisha wengine. Alichokikemea si shibe. Ni aibu waliyotiwa wenzao.

Tena iko karamu ya mtoto katika Kitabu cha Mwanzo, iliyo ya kale kuliko ya Farao, na kwa maoni yetu wazazi yafaa waisome siku moja kabla ya kukodi viti. Isaka alipoachishwa kunyonya, Abrahamu alifanya karamu kubwa. Abrahamu alikuwa mtu wa mahema. Tunaweza kumwona mgeni na mwenyeji wakiketi uwandani, moto unawaka, nyama inaiva. Sara alikuwa mzee, alikuwa amesubiri maisha yake yote. Nani alikuwa na haki ya kufurahi kama yeye? Na katika furaha hiyohiyo akamwona mtoto mwingine akicheza, Ishmaeli, mwana wa Hajiri mjakazi. Kumwona tu kulitosha. Akamtaka mumewe amfukuze yule mjakazi na mwanawe. Asubuhi Abrahamu akampa Hajiri mkate na kiriba cha maji, akamwacha aende. Wakapotea katika jangwa la Beer-sheba. Maji yalipokwisha, mama alimweka mtoto chini ya kijiti, akaenda akaketi mbali ili asimwone akifa.

Kitabu kitakatifu hakimfichi Sara wala hakimtetei sana. Lakini chasema neno ambalo hutushika kila tulisomapo: Mungu aliisikia sauti ya kijana palepale alipokuwa, akamfumbua macho Hajiri akaona kisima. Kijana huyo naye akapewa ahadi ya kuwa taifa kubwa. Mtoto wa karamu ana Mungu, na mtoto aliyefukuzwa karamuni ana Mungu, naye ni yuleyule mmoja. Hatusemi kwamba kijana mwenye fimbo pale Kirumba alimpeleka mtu jangwani. Twasema kwamba mambo huanza hivyo: furaha ya haki kabisa, mama mwema, mtoto anayependwa, kisha jicho likamwangukia mwingine anayecheza, na moyo ukasema, huyu ataiharibu picha.

Kuna na upande wa wageni walioalikwa, ambao husahauliwa zaidi. Kadi ya mwaliko siku hizi ni hati ya deni. Mtoto hawezi kwenda mikono mitupu. Zawadi hutazamwa, na katika nyumba nyingine huandikwa daftarini, ili mwaka ujao irudishwe iliyo sawa nayo. Twamjua mama aliyekopa fedha za kausha damu, zile ambazo riba yake hudaiwa kila siku mlangoni, ili mtoto wake asiende karamuni na daftari na kalamu tu. Na kwa nini alikopa? Kwa sababu mwezi uliofuata ilikuwa zamu yake kufanya karamu, na aliogopa kwamba hawatakuja. Hii si sikukuu tena, ni upatu. Na afadhali upatu, kwa maana humo kila mtu hujua atakachopata. Bwana wetu, katika sura ya 14 ya Injili ya Mtakatifu Luka, akiwa mezani kwa Farisayo mkubwa, alimwambia mwenyeji wake kwamba afanyapo karamu asiwaite rafiki na jamaa na jirani matajiri, wasije wakamwalika yeye nao ikawa malipo. Awaite maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa kuwa hawana cha kumlipa. Tumelisikia neno hilo likisomwa kanisani mara nyingi, tukaliona ni la wakati wa Wafarisayo. Lakini lilisemwa mezani, mbele ya sahani, juu ya nani aitwe na nani aachwe. Ni neno la kadi za mwaliko.

Wazazi wasio na uwezo wasilichukue hili kuwa mzigo mpya. Mtoto asiyefanyiwa karamu hakupungukiwa na kitu mbele ya Mungu wala mbele ya mtu mwenye akili. Mpeleke Misa, mwambie jinsi alivyozaliwa, nani alimpokea, mvua ilinyesha au haikunyesha, kwa nini aliitwa hivyo. Habari hiyo yeye hataisikia kwa mtu mwingine duniani.

Na mwenye uwezo afanyeje? Sisi si wapishi, lakini tumeona na macho yetu kwamba keki ndiyo iletayo ugomvi mwingi. Keki hukatwa kwa hesabu. Ikiwa ni ya watu 25, mtu wa 26 ni adui. Sufuria ya pilau haina tabia hiyo, wala viazi vitamu, wala maandazi, wala sato wa kukaanga aliyekatwakatwa vipande vidogo. Hivyo hunyumbulika, na mama yeyote wa Kitanzania ajua kuvinyumbua bila mtu kufahamu. Keki na iwepo kama mtoto ameililia, ndogo, ya nyumbani, iliwe usiku pamoja na bibi na babu. Anayependa kufanya karamu yake kwa faragha, na afanye kwa faragha kweli, bila vipaza sauti; ni haki yake. Anayeifanya mbele ya mtaa, na aupikie mtaa, hata kama kila mmoja atapata kijiko kimoja. Fedha za turubai, mshereheshaji na mpiga picha, zikigeuzwa mchele, zaweza kuwashangaza wengi.

Neno moja kwa wale wanaopeleka watoto ufukoni, huko Ilemela au visiwani. Maji ya Ziwa yana kichocho penye majani na pasipo na mawimbi, na mtoto huzama kimya, bila kupiga kelele, huku wakubwa wakichoma nyama. Awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kutazama maji tu, wala asipewe bia.

Tulimwambia baba yule mengi ya hayo, naye akasikiliza. Tulipomaliza akauliza swali jingine, gumu kuliko la kwanza: sasa afanye nini na yule rafiki wa binti yake? Kumpelekea zawadi kungekuwa kumkumbusha fimbo. Kumwomba radhi mama yake kungekuwa kumlazimisha kukiri kwamba aliumia, jambo ambalo kwa adabu yake alikuwa amekataa kulikiri bombani. Tulikaa kimya, kwa kuwa hatukuwa na jibu.

Jibu lilitoka kwa binti mwenyewe, nalo halikuwa la wema mkubwa, lilikuwa la udadisi wa kitoto. Rafiki yake aliporudi kucheza siku ya kumi, alimwuliza, "Bethidei yako lini?" Yule hakujua. Wakaenda wote wawili kumwuliza mama yake, naye akakumbuka tu kwamba alimzaa kukipambazuka, baada ya mvua kubwa iliyouangusha ukuta wa choo cha jirani. Mama wa binti aliposikia, alishuka mwenyewe mpaka nyumba ile, akaketi mkekani, wakaitafuta kadi ya kliniki pamoja. Waliipata chini ya godoro, imelowa siku nyingi, na wino umefutika. Tarehe haikusomeka; ulibaki mwezi tu, Novemba. Mama yule akasema mwezi watosha, na siku ataichagua mwenyewe, Jumapili mojawapo baada ya Misa, kwa kuwa Jumamosi huuza dagaa Mwaloni. Mama wa binti akauliza kama ataruhusiwa kuja na sufuria yake. Akajibiwa, "Karibu."